Sakafu ya Mhasibu

Mdogo wangu wanamwita Timazi. Timazi ni kile kipande cha chuma ambacho waashi hukining'iniza kwa uzi ili waone kama ukuta umesimama wima. Yeye si mwashi, ni fundi wa vigae, na sidhani kama amewahi kumiliki timazi maishani. Jina lilimganda kwa sababu ya ubishi. Ukimwonyesha mlango mpya atakwambia umelala kushoto. Ukimkaribisha chai ataitazama meza kwanza. Siku ya msiba wa jirani yetu, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, yeye alikuwa ameinama kuliko wote, akigonga sakafu kwa kifundo cha kidole. Mjane alimwona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kugonga ndiyo tabia yake kubwa. Kigae kilichokaa sawasawa juu ya saruji hutoa mlio mzito, mfupi. Kilichoachiwa uwazi chini yake hulia kama debe. Uwazi huo hauonekani kwa macho. Utapita mwaka, itapita miwili, halafu siku moja mtu anaangusha sufuria na kigae kinapasuka katikati, na fundi aliyekiweka hapatikani tena kwenye simu. Ndiyo maana Timazi haamini macho yake, anaamini sikio. Na kwa miaka mingi aliamini pia kwamba ukitaka kumjua mtu, mtazame anakanyaga nini.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Saruji, misumari, mabomba, rangi, gundi ya vigae. Mafundi huja dukani kwangu asubuhi kuchukua vifaa na jioni kulalamika, kwa hiyo nawajua kwa sura na kwa visingizio. Waashi huumwa mgongo. Wapaka rangi hukohoa. Mafundi wa vigae huisha magoti. Wanapiga magoti kutwa nzima juu ya zege, wakirudi nyuma kidogo kidogo, na hata wakifunga vipande vya godoro magotini, zege halina huruma na mtu.

Magoti ya Timazi yalianza kulia zamani, lakini alikuwa akiyapuuza. Ilifika mahali akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, akiyasugua, kabla ya kuthubutu kuyakanyagia. Wifi yangu ndiye aliyeniambia, maana yeye mwenyewe asingesema. Daktari alimwambia aache kupiga magoti. Timazi akamuuliza daktari, basi vigae vijiweke vyenyewe? Daktari hakucheka.

Njia ilikuwa moja tu. Aache kuwa fundi, awe mkandarasi. Achukue kazi kubwa kwa jina lake, aajiri mafundi wenye magoti mazima, yeye asimame, agonge, akosoe. Kukosoa alikuwa na kipaji nako, hilo hakuna aliyelipinga. Na kazi yenyewe ilikuwa imejitokeza. Hospitali ilikuwa inajenga wodi mpya, inatafuta mtu wa kuweka sakafu nzima. Timazi akaenda kuchukua fomu za zabuni akiwa amevaa shati lake la harusi.

Alirudi kwangu jioni ile amenywea. Karani wa zabuni alitaka cheti cha kodi na hesabu za biashara za miaka iliyopita. Timazi alimpelekea alichokuwa nacho, yaani karatasi alizokuwa akiandaliwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyo shemeji aliwahi kufanya kazi benki. Ukoo mzima ulijua aliwahi kufanya kazi benki, na hakuna aliyeuliza kazi gani. Kila mwaka alikuja, akala, akachukua mfuko wa karatasi za Timazi, na baada ya siku kadhaa akarudisha ritani ya kodi yenye mhuri. Hakudai hata senti. Karani alizipitia moja moja, kisha akasema, "Mzee, hapa inaonyesha hujawahi kufanya kazi."

Kila mwaka, shemeji alikuwa amejaza sifuri. Kodi ndogo kuliko zote ni ya mtu asiye na kipato, na hilo ndilo lililokuwa somo lake lote la uhasibu. Tulimpigia simu mbele ya wifi. Akasema, "Sasa mnanigombeza kwa kuwapunguzia kodi?" Nikamuuliza benki alikuwa kitengo gani. Alikuwa dereva wa meneja.

"Miaka yote hiyo ndugu yangu amekufanyia bure," wifi alisema kwa uchungu.

"Ndiyo," Timazi akajibu. "Na imekuwa bure kweli."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta mhasibu. Nilimpeleka kwanza kwa wangu. Huyu mama ndiye anayenishikia hesabu za duka tangu nilipofungua, na mitaani wanamwita Mama Miwani kwa sababu anazo mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na mara nyingi anaitafuta ya tatu. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi. Unapita katikati ya mashine na wanafunzi, unasukuma mlango unaokwama, unamkuta.

Timazi alisalimia vizuri. Kisha akatazama chini, na nikajua tumekwisha.

Kwa kweli ile sakafu ilikuwa aibu. Mbele ya meza kigae kimoja kilikuwa kimepasuka pembe kwa pembe. Kingine, chini ya kiti cha mgeni, kilicheza ukikikanyaga. Viungo vilikuwa vyeusi. Timazi alijishusha polepole, akishika meza, akagonga. Kikalia kama debe. Akagonga cha pili. Debe.

Mama Miwani alimtazama juu ya miwani. "Umeangusha kitu?"

"Hapana mama. Nasikiliza."

"Sawa. Ukimaliza kusikiliza, kaa tuongee. Mafundi wako unawalipa kwa siku au kwa kazi? Mteja akikupa pesa ya kununulia vigae, unaiweka wapi?"

"Inaingia kwenye simu."

"Simu hiyo hiyo unayonunulia mboga?"

"Nina simu moja tu, mama."

Akaandika. Akauliza tena, na tena. Anaandikiana na wateja mkataba au wanapeana mikono tu? Kazi ikiharibika nani anagharamia? Risiti za mafuta ya pikipiki ya kukodi ziko wapi? Timazi alijibu shingo upande, macho yake yakirudi kwenye kigae kilichopasuka kila mara, kama mtu anayeongea na mwenye chunusi puani. Tulipotoka nje alipumua.

"Dada, yule mama hapana."

"Kwa nini?"

"Anakaa juu ya sakafu ile mwaka mzima na haoni. Ataona nini kwenye karatasi zangu?"

Sikubishana naye. Nimekaa dukani muda wa kutosha kujua kwamba mtu anayetaka rangi nyekundu hauziwi ya kijani. Na pia, niseme ukweli, maswali yale yalikuwa yamemchosha, naye alitaka sababu ya kuyakimbia. Sakafu ilimpa.

Wa pili alimpata mwenyewe, kwa mtu anayemjua mtu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu katika jengo la vioo, na lifti ilikuwa mbovu. Timazi alipanda ngazi akiwa ameshika reli, akipumzika kila kituo na kujifanya anatazama mandhari. Mlango ulipofunguliwa alisimama kizingitini bila kuingia.

Vigae vilikuwa vikubwa, rangi ya maziwa, viungo vyembamba kama uzi, vimenyooka kutoka mlangoni mpaka dirishani bila kupinda hata kidogo. Kwenye kona, pale ambapo mafundi wengi huchomeka vipande vya kubahatisha, mkato ulikuwa safi. Timazi alipiga magoti. Nilisikia goti likilia, ila yeye sidhani kama alilisikia. Aligonga huku, akagonga kule. Kila kigae kilimjibu vizuri. Alipoinua uso alikuwa na sura ya mtu aliyeonyeshwa mchumba.

Mwenye ofisi alikuwa mtu wa makamo aliyekaza tai mpaka kooni, basi tukamwita Bwana Tai. Alituagizia maji ya chupa. Alimwita Timazi "mkurugenzi". Alimvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika masikio. Hakuuliza swali hata moja.

"Niachie mimi, mkurugenzi. Hesabu za miaka yote hiyo, cheti, kila kitu. Kabla zabuni haijafungwa utakuwa nazo mkononi."

"Hizo hesabu utazitoa wapi?" nikauliza. "Yeye hana karatasi."

Alitabasamu kama unavyomtabasamia mtoto. "Mama, hiyo ndiyo taaluma yenyewe."

Timazi alitoa malipo ya awali pale pale, pesa ya kazi aliyoimaliza wiki ile. Kwenye ngazi, tukishuka, nilishindwa kunyamaza.

"Umempendea nini yule?"

"Mtu mwenye sakafu ile hawezi kuwa mtu wa hovyo."

"Ameitandika yeye?"

"Aah, hapana."

"Basi umempenda fundi wake."

Tulipofika barabarani alipanda pikipiki bila kuniaga.

Bwana Tai alitimiza ahadi, hilo sitamnyima. Kitabu cha hesabu kilikuja kimejalidiwa, kina jina la Timazi kwa herufi za dhahabu, na kurasa zilizonukia wino mpya. Kilichobaki ilikuwa sahihi yake. Timazi alikileta dukani kwangu kabla ya kukitia sahihi, si kwa ushauri, bali kwa kuringa. Alikiweka juu ya kaunta katikati ya mifuko ya misumari. Nikafuta mikono, nikafungua.

Mwanzoni nilicheka. Kwa mujibu wa kitabu kile mdogo wangu alikuwa na malori. Timazi hana hata baiskeli. Alikuwa na bohari, na wafanyakazi wa kudumu, na gharama za safari za kikazi katika miji ambayo hajaikanyaga. Nikawa namsomea, naye anacheka na kusema, hayo ni mambo ya kitaalamu dada, huwezi kuyaelewa. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa manunuzi, na kicheko kikaniishia. Jina la duka langu lilikuwa pale. Mwaka baada ya mwaka, nilikuwa nimemuuzia Timazi saruji na gundi ya vigae ya kujaza bohari lile la uongo, na risiti eti nilizompa zilikuwa zimeambatishwa nyuma, zenye jina langu na mhuri unaofanana na wangu.

Niliogopa. Naogopa hata sasa nikikumbuka. Duka lile ndilo linalosomesha wanangu. Mtu wa kodi akifungua kitabu kile, atamuuliza mdogo wangu malori yako wapi, halafu atavuka barabara aje kuniuliza mimi pesa ya saruji ile iko wapi.

"Hizi risiti si zangu," nikamwambia.

"Ni za kujazia tu. Nani atakuja kuzitazama?"

"Jina ni langu."

Nje, mtu alikuwa anapakia nondo kwenye mkokoteni na kelele ilikuwa kubwa. Wifi, aliyekuwa amekuja naye, alisema zabuni inafungwa keshokutwa, na yeye amechoka kumkanda mume magoti kila usiku, tutie sahihi tumalize, mambo mengine Mungu atajua. Sikumlaumu. Yeye ndiye anayemsikia akigugumia usingizini. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga, akatoka kununua mboga.

Timazi alibaki amekiegemea kile kitabu. Kidole chake kilikuwa kinagonga jalada. Sidhani kama alijua anagonga. Aligonga pale kwenye jina lake, akagonga pembeni, akarudi kwenye jina. Mteja akaja kuulizia koki, nikamhudumia, akaondoka. Timazi bado anagonga.

"Twende kwa yule mama," alisema mwishowe. Hakunitazama.

Mama Miwani alikuwa mahali pale pale, mlango ukikwama vile vile. Alikipitia kitabu cha dhahabu haraka, akakifunga, akakisukuma upande wangu na kusema nisikiache kizagae. Nilikichoma jioni ile nyuma ya duka. Pale mezani, Mama Miwani akamtazama Timazi na kusubiri.

"Kabla hatujaanza," Timazi akasema, "nikuulize. Hii sakafu huioni?"

"Naiona. Kila siku kile kigae kinanivua kiatu."

"Kwa nini huitengenezi?"

"Chumba si changu. Nimemwandikia mwenye nyumba, na nakala ninayo, atengeneze au apunguze kodi ya pango. Amepunguza. Mimi pesa yangu siifukii kwenye nyumba ya mtu."

Timazi alikitazama tena kile kigae, kisha akavuta kiti akakaa. Nimemjua tangu anatambaa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akishindwa na sakafu.

Wakaanza. Alimtolea kila alichokuwa nacho: mfuko wa risiti zilizokunjamana, ujumbe wa kwenye simu, karatasi za makadirio aliyokuwa akiwaandikia wateja nyuma ya maboksi ya vigae. Mama Miwani alizitenga marundo marundo mezani. Hii ni pesa ya mteja ya vifaa, haijawahi kuwa yako, imepita tu mkononi. Hii ni ya mafundi. Hii ndiyo yako. Rundo la mwisho lilikuwa dogo mpaka likatia huruma.

"Wewe unajilipa nini?" akamuuliza.

"Kinachobaki."

"Na kisipobaki?"

Timazi akacheka. "Basi nimewasaidia watu."

Mama Miwani hakucheka. Aliomba makadirio ya wodi ya hospitali. Timazi aliyatoa kwa majivuno kidogo, maana alikuwa ameyapanga na kuyapangua, bei ilikuwa chini kuliko ya mtu yeyote. Mama Miwani alibadilisha miwani. Aliandika, akafuta, akaandika. Kisha akaigeuza karatasi ili tuione.

"Kwa bei hii, ukishanunua vifaa, mafundi utawalipa mpaka hapa tu." Aliweka kalamu sehemu fulani, si mbali na mwanzo. "Baada ya hapo pesa imekwisha na wodi bado. Nani ataimalizia?"

"Nitajua la kufanya."

"Najua utakalofanya. Utapiga magoti."

Timazi alimwambia hesabu za karatasini si hesabu za saiti. Akasema yeye yuko kwenye fani hii tangu ujana, anajua kubana. Mama Miwani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hata bei ingekuwa nzuri, kazi ile itampita. Zile sifuri za shemeji lazima zifutwe kwanza, ritani zijazwe upya kwa ukweli, faini ipo na ataomba ilipwe kidogo kidogo. Hilo ni jambo la miezi.

"Nakwambia leo, ili usije ukasema sikukwambia."

"Huwezi kuharakisha?"

"Wewe ukishaweka vigae, unawaruhusu watu watembee siku hiyo hiyo?"

"Saruji haijakauka."

"Basi."

Tulipotoka Timazi aligeuka mlangoni akasema angependa kumtengenezea ile sakafu, badala ya malipo. Akajibiwa kwamba mteja wake asiwe fundi wake, na mlango auvute kwa nguvu, unakwama.

Zabuni ikafungwa bila yeye. Hakunilaumu kwa mdomo, ila kwa muda mrefu alikuwa akinunua saruji duka la mbali na kupita mbele ya langu na mfuko begani, ili niuone. Alijua kabisa kwamba gari langu la mizigo lingempelekea bure. Wifi alinisalimia kwa ufupi. Malipo ya awali Bwana Tai hakurudisha, na ofisi yake iko pale pale, sakafu inang'aa. Mwaka ule wote Timazi alipiga magoti kama kawaida. Goti la kulia likavimba, likakataa kukunjika, na mwisho likafa kabisa, akawa anaweka vigae amekalia tako moja, mguu umenyooshwa mbele. Nilimwona hivyo siku moja kwenye nyumba ya mteja wangu. Niliumia, nikaondoka bila yeye kuniona.

Lakini jioni alikuwa akienda kwa Mama Miwani. Akafungua akaunti ya biashara, pesa ya vifaa ikawa huko na ya mboga ikabaki kwenye simu. Akajifunza kuandika ankara, na faini akaimaliza. Siku moja alikuja dukani, mara ya kwanza baada ya kununiana kwetu, akaegemea kaunta kama vile aliondoka jana.

"Dada, yule mama ana wazimu. Anasema mwenye mashine hutenga pesa kila mwaka kwa ajili ya uchakavu, ili mashine ikifa anunue nyingine. Akaniuliza mashine yangu ni nini. Nikamwambia, kikatio cha vigae. Akasema hapana, magoti. Nimetenga nini kwa ajili ya magoti?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini?" Akachukua mfuko wa saruji, akaona hawezi kuuinua, akauacha. "Nipelekee na gari lako."

Cheti chake kilitoka mwaka uliofuata. Akaomba kazi ya maktaba ya shule, ndogo kuliko wodi, kwa bei aliyoipanga pamoja na Mama Miwani. Ndani ya makadirio yale kulikuwa na mstari ambao aliupigania sana utolewe: malipo ya msimamizi. Alisema ni wizi. Alisema hakuna mtu anayelipwa kwa kusimama. Mama Miwani hakuutoa. Shule ikakubali bei bila hata kuugusa mstari ule, na Timazi akakaa siku nzima akiamini wamekosea.

Nilipeleka gundi ya vigae pale shuleni mwenyewe, kwa udadisi. Mafundi wake walikuwa wamepiga magoti, na yeye amesimama katikati yao ameshika mpini wa fagio. Mwishoni mwa mpini alikuwa amefunga nati ya chuma kwa waya. Alikuwa anapita juu ya vigae vilivyokauka, anagonga kwa mpini, anasikiliza. Mara akasimama. "Hiki toeni," akasema. Fundi mmoja akanung'unika, akakitoa. Chini kulikuwa na uwazi wa kuingiza kiganja. Timazi alinitazama. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu siku ya harusi yake.

Kabla maktaba haijakamilika, Timazi alitakiwa hospitali kutazamwa goti la kulia. La kushoto daktari alisema limewahiwa. La kulia walitaka kulichoma sindano waone. Wifi alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, kwa hiyo nilikwenda naye mimi. Kliniki ya mifupa ilikuwa imehamishiwa kwenye wodi mpya, ile ya zabuni iliyompita.

Tulikaa kwenye benchi mwanzoni mwa korido. Alikuwa amekuja na ule mpini wake wa fagio, ndiyo fimbo yake siku hizi. Nilimwona akitazama chini, nikajua. Akagonga kigae kilichokuwa mbele ya kiatu chake. Akanyoosha mkono, akagonga cha mbali kidogo. Akainuka, akaenda akigonga mpaka mlango wa pili, wagonjwa wakimpisha miguu, na akarudi.

Nilitamani viwe vibovu. Nasema wazi, nilitamani vilie kama debe korido nzima, ili nipate cha kumwambia.

"Wameweka vizuri," akasema, akakaa. "Fundi mzuri sana yule."

Mhudumu alipita akisukuma kitanda, na magurudumu hayakupiga kelele hata mara moja kwenye viungo. Timazi alikifuata kitanda kwa macho, kikaenda, kikapita milango yote, kikawa kidogo, kikakata kona kule mwisho. Nilidhani amemaliza kutazama, lakini aliendelea kuiangalia ile korido ikiwa tupu. Mkono wake ulikuwa umeshika goti la kushoto, lile zima.

"Dada," akasema, "hii yote ningeiweka mimi."

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni, akauliza mwenye goti yuko wapi. Timazi akasimama.